Rivyu ya kifurushi cha wikendi cha besiboli, Yankees na Red Sox: basi hapana, Fenway nenda hata kwa kukopa

Kwa wasio na muda: Fenway Park, uwanja wa Red Sox kule Boston, chukua pointi zote, ziara ya Yankee Stadium, uwanja wa Yankees kule New York, nzuri ila sio lazima, basi na tiketi za kampuni tuliyosafiri nayo hapana jamani. Wenye muda twendeni taratibu maana hii kitu ina mambo mengi na watu wananiuliza kama ile hela inastahili.

Kampuni siitaji jina, ni hizi ndogondogo za New York zinazokusanya watu kwenye basi, wanauza kifurushi cha wikendi pale Yankees wanapoenda Boston kucheza na Red Sox. Unachopata ni hivi, asubuhi ziara ya Yankee Stadium kule Bronx, mchana basi mpaka Boston, mnalala hotelini, kesho yake ziara ya Fenway halafu jioni mechi yenyewe, na njia nzima kuna muongozaji anawasimulia historia ya hawa watani wa jadi. Bei ni mamia ya dola kwa kichwa na sehemu kubwa ya hiyo hela ni tiketi ya mechi, maana Yankees wakitua Fenway bei za tiketi zinachangamka vibaya mno. Nilienda na shemeji yangu, yeye anaishi Bronx miaka mingi na ni Yankees damu damu, mimi nilianza kuangalia huu mchezo bila timu ila roho ikawa inavutika Boston, sijui kwa nini, nahisi napenda timu zinazotesa watu wake.

Tuanze Bronx. Uwanja wa sasa ulifunguliwa 2009, ule wa zamani uliokuwa ng'ambo ya barabara ya 161 walishaubomoa na pale pamebaki viwanja vya watu wa mtaani kuchezea, kwa hiyo kama unakuja ukitegemea kukanyaga alipokanyaga Babe Ruth, yule nguli wa zamani wa Yankees, ujue utakanyaga zege jipya. Muongozaji wetu alivyoanza tu na "hapa ndipo Ruth alipokuwa anazipiga" shemeji akanikonyeza, mzee Ruth amefariki 1948, hilo jengo hajawahi hata kuliota. Ila ziara yenyewe inaendeshwa na watu wa uwanja na hao hawana shida, wanajua wanachofanya. Kuna Monument Park, ile bustani ya mabamba na namba zilizostaafishwa, na kuna makumbusho yenye ukuta mzima wa mipira iliyosainiwa pamoja na kabati la Thurman Munson, yule mdakaji nahodha aliyefariki kwa ajali ya ndege 1979, kabati lake walilitoa uwanja wa zamani wakalileta hapo. Kila hatua chache kuna kitu kinakukumbusha kwamba hawa jamaa wamebeba World Series, fainali kuu ya besiboli Marekani, mara 27. Shemeji alivua kofia kabisa.

"Shem, 27 hizo umeziona?"

"Nimeziona shem. Ya mwisho 2009, wanao walikuwa bado hawajaanza shule."

Akanuna mpaka tunapanda basi.

Kuna ubuyu mmoja ambao pale Bronx hakuna aliyeutaja na mimi ndo nauona unaeleza hii dabi kuliko vikombe vyote vile. Wakati uwanja mpya unajengwa, fundi mmoja wa ujenzi, shabiki wa Red Sox, alichukua jezi ya David Ortiz, mpigaji nyota wa Red Sox, namba 34 akaifukia kwenye zege ili uwanja uzaliwe na nuksi. Habari ikavuja kwenye magazeti, na Aprili 2008 Yankees wakaamuru zege lichimbwe, mafundi wakakaa masaa wanatoboa sakafu mpaka jezi ikapatikana imechanika chanika. Halafu ikapigwa mnada kwa ajili ya Jimmy Fund, ule mfuko wa Boston wa kupambana na saratani, ikauzwa dola 175,100. Timu ambayo wakati huo ina vikombe 26 inavunja sakafu yake yenyewe kwa sababu ya kitambaa! Halafu mtu anakwambia huu ni mchezo tu.

Sasa basi. New York mpaka Boston ni kama masaa manne njia ikiwa safi na yetu haikuwa safi, kiyoyozi kinapuliza upande wa kushoto tu, upande wa kulia tunajipepea na zile karatasi za ratiba. Hayo ningesamehe. Ambacho siwezi kusamehe ni historia yenyewe, kwa sababu ndo kitu tulicholipia, na muongozaji kijana wa watu mchangamfu, sauti nzuri, utani upo, lakini kichwani ana stori moja tu, laana. Boston walimuuza Babe Ruth, wakalaaniwa, miaka 86 hawakushinda, laana ikavunjika 2004, mwisho, nani anataka maji. Kila mtu akiuliza swali jibu ni laana. 1949? Laana. 1978? Laana. Mama mmoja kiti cha mbele akauliza kwa nini Red Sox walichelewa sana kusajili wachezaji weusi, jamaa akakwama kidogo, nikasema ngoja tuone kama na hiyo ni laana, akageuza akaanza kutuonyesha mto.

Kiukweli hata habari yenyewe ya laana sio ya zamani kivile, imekuja kushika moto miaka ya 1980 na 1990, Ruth alikuwa ameshauzwa zaidi ya miaka 60 iliyopita. Kabla ya hapo mashabiki wa Boston walikuwa wanawalaumu wenye timu kwa majina, na walikuwa sahihi.

Ngoja niwape ambayo tungetakiwa kupewa kwenye basi. Kwanza haianzi na Ruth. Timu ya New York iliingia American League, moja ya zile ligi mbili kubwa, 1903, ilitokea Baltimore, wakati huo inaitwa Highlanders, jina la Yankees likaja kuwa rasmi 1913. Na mwanzoni mbabe alikuwa Boston! 1904 msimu unaisha hizo timu mbili zinakabana koo, siku ya mwisho kule New York mrushaji Jack Chesbro, mtu aliyeshinda mechi 41 msimu ule, narudia 41, siku hizi mrushaji akifika 20 wanamshangilia, akarusha mpira ukampita mdakaji juu inningi ya 9 (inningi ni zamu za kupiga, kawaida mechi ina 9), mtu wa Boston akatoka beisi ya tatu akaingia, ubingwa wa ligi ukaenda Boston. Na hata Fenway ilivyofunguliwa Aprili 20, 1912 wageni walikuwa hao hao Highlanders, wakapigwa 7-6 kwa inningi 11, ila magazeti hayakuwa na nafasi maana Titanic ilikuwa imezama siku chache nyuma. Mpaka 1918 Boston wana World Series 5, New York hawana hata ubingwa wa ligi. Sasa unielewe kwa nini nakasirika mtu akianza stori 1920.

Mauzo ya Ruth ndo sehemu tamu na hakuna uchawi hata kidogo, ni hela. Mwenye timu ya Boston alikuwa Harry Frazee, mtu wa biashara ya tamthilia za jukwaani, alikuwa na madeni mpaka ya hela aliyonunulia timu yenyewe. Ruth 1919 kapiga hom rani 29, yaani mipira ya kuvuka uzio mpigaji akazunguka beisi zote, rekodi wakati huo, anataka mshahara upande mara mbili ufike dola 20,000, tena msumbufu, anatoka kambini anavyotaka. Frazee akamuuza kwa dola 100,000 na juu yake akapewa mkopo wa dola 300,000. Dhamana ya huo mkopo ni nini? Fenway Park! Yaani mwenye Yankees, Jacob Ruppert, tajiri wa bia, akawa ameshika rehani ya uwanja wa mpinzani wake. Ukishaelewa hapo huhitaji laana tena, mtu anayekudai hati ya nyumba akija kuchagua wachezaji utamnyima? Na walichagua kweli, Carl Mays alishatangulia 1919, wakafuata Waite Hoyt, Everett Scott, Joe Dugan, Herb Pennock, na hata Ed Barrow aliyekuwa kocha wa Red Sox akahamia New York kuwa bosi wa usajili na mambo ya ofisi. Ruth mwaka wa kwanza tu New York akapiga hom rani 54. Aprili 18, 1923 wakafungua Yankee Stadium ile ya zamani, wageni rasmi nani, Red Sox, Ruth akapiga hom rani ya pointi tatu, 4-1, na mwaka huo huo Yankees wakabeba World Series yao ya kwanza. Hiyo timu ilikuwa nusu nzima ni Boston iliyohama.

Halafu lile swali la mama wa kiti cha mbele. Aprili 1945 Red Sox walimuita Jackie Robinson na wenzake wawili, Sam Jethroe na Marvin Williams, kufanya majaribio hapo hapo Fenway, kisha hawakumpigia simu tena hata mmoja wao. Miaka miwili baadae Robinson yuko Brooklyn anaandika historia, mchezaji mweusi wa kwanza ligi kuu kwa zama za sasa. Red Sox walikuja kumchezesha mchezaji mweusi wa kwanza, Pumpsie Green, Julai 1959, wa mwisho kabisa kwenye ligi kuu nzima, na Yankees wasijisifu sana maana na wao walisubiri mpaka 1955 kwa Elston Howard. Mwenye Red Sox miaka yote hiyo alikuwa Tom Yawkey, mtaa wa nje ya uwanja ukapewa jina lake, na 2018 timu yenyewe ikaomba libadilishwe, ukarudi kuitwa Jersey Street kama zamani. Basi letu lilitushusha karibu kabisa na hapo, jamaa kashika kipaza sauti, hakusema neno. Unaacha kusajili watu wa aina ya Jackie Robinson kwa miaka 12 halafu unauliza kwa nini hushindi.

1949 nayo alivyoipitisha niliumia kwa niaba ya wazee wa Boston. Red Sox wanaenda New York zimebaki mechi mbili, wanahitaji moja tu, wakapoteza zote, 5-4 na 5-3. Na 1941 hakuigusa kabisa, mwaka ambao Joe DiMaggio wa Yankees kapiga mechi 56 mfululizo bila kukosa na Ted Williams wa Boston kamaliza na wastani wa .406, yaani kila akipiga mara 10 kama mara 4 anafanikiwa, tangu hapo hakuna aliyefika .400 kwenye hizi ligi mbili kubwa kwa zile takwimu tulizozoea, na tuzo ya mchezaji bora ikaenda kwa DiMaggio. Mpaka leo ukitaka kuona wazee wawili wa Marekani wakigombana kwa heshima waulize nani alistahili.

Haya, Fenway. Hapa nabadilisha sauti kabisa.

Ziara inafanywa na watu wa uwanja wenyewe, inachukua kama saa moja, na kama siku hiyo kuna mechi njia inaweza kubadilika kwa hiyo uliza kabla. Mama aliyetutembeza ni mtu mzima, hana haraka, hakutaja laana mpaka mtu alipomuuliza, akacheka, akasema "sisi tulikuwa tunaiita timu mbovu". Nilitamani nimchukue kwenye basi.

Ukuta wa kushoto, Green Monster, picha zinadanganya. Urefu wake kwenda juu ni futi 37 na kitu, kama mita 11, lakini kinachokuchanganya ni ulivyo karibu, futi 310 tu kutoka kwa mpigaji, ukisimama chini yake unahisi umeletwa makusudi ubane uwanja. Na ukiukaribia unaona vishimo, vidogo vidogo, mamia, kila kimoja ni mpira wa mtu uliogonga pale. Mpira ambao kwingine ungeruka ukawa hom rani hapa unagonga ukuta unarudi, na mpira laini wa juu ambao kwingine ni wa kudakwa na mtoto hapa unavuka. Chini kwenye ukuta kuna ubao wa matokeo wa kubadilishwa kwa mkono, tangu 1934, kuna watu wako mle ndani ya ukuta mechi nzima wanapachika namba, na kwenye ile mistari myeupe ya kusimama pana vinukta na vistari, ni mosi kodi, herufi za kwanza za majina ya Tom Yawkey na mkewe Jean. Mtaa walibadilisha jina, herufi zimebaki ukutani. Sikuambiwa na mtu wa basi hiyo, niliambiwa na yule mama, kwa sauti ya chini kidogo.

Hapo ndo 1978 inaeleweka. Red Sox mwezi Julai wako mbele ya Yankees kwa mechi 14, watu wameshapanga na sherehe. Septemba Yankees wakaja Fenway mechi nne, wakashinda zote, 15-3, 13-2, 7-0, 7-4, jumla 42 kwa 9, Boston mpaka leo wanaiita mauaji. Msimu ukaisha timu zote zina ushindi 99, ikabidi mechi moja ya kuamua, Oktoba 2, hapo hapo Fenway. Boston wako mbele 2-0, inningi ya 7, anakuja kupiga Bucky Dent, kijana mwembamba, msimu mzima ana hom rani 4 tu, anajipiga mpira mguuni anaanza kuchechemea, mchezo unasimama, Mickey Rivers anagundua rungu la mwenzie lina ufa anampa lingine. Mike Torrez, mrushaji wa Boston ambaye mwaka mmoja nyuma alikuwa Yankees, kasimama tu pale anasubiri. Mpira uliofuata Dent akaupiga juu kuelekea kushoto, sio mpira wa kutisha, ukaelea ukavuka ukuta ukaingia kwenye wavu. Pointi tatu. Mechi ikaisha 5-4 Yankees, na mpigaji wa mwisho wa Boston, Carl Yastrzemski, mkongwe wao, wakiwa na watu wawili beisini, akaupiga juu ukadakwa. Nilisimama kwenye kaunta za Green Monster pale juu, hivi viti vimewekwa 2003, nikatazama chini, nikasema hebu, ni hapa tu? Kwenye viwanja vingi ule mpira ungedakwa. Boston wamemuongezea Dent jina la katikati ambalo siwezi kuandika hapa kuna watoto.

Kwa hiyo ukuta wao wenyewe ndo uliowaua. Sio mzimu.

Kiti chekundu nacho usikikose, kiko mbali kule nyuma upande wa kulia kati ya viti vya kijani, seksheni 42 safu ya 37 kiti cha 21, pale ndo mpira wa Ted Williams wa Juni 1946 ulipotua, futi 502, ukampiga mtu kwenye kofia yake ya majani. Ukisimama karibu na beisi ya nyumbani ukakitafuta kwa macho utacheka, haiwezekani.

2003 na 2004 yule mama alizisimulia akiwa ameegemea reli anaangalia beisi ya pili. 2003 mchujo wa fainali ya American League, mechi ya 7, ya kuamua, kule Bronx, Boston wako mbele 5-2 inningi ya 8, mrushaji wao Pedro Martínez kachoka kila mtu anamuona, kocha Grady Little akaenda akaongea nae akamuacha aendelee, ikawa 5-5, inningi ya 11 Aaron Boone akapiga hom rani kwa mpira wa kwanza wa Tim Wakefield, kwaheri. Kocha hakuongezewa mkataba. Huyo Boone baadae ndo akaja kuwa kocha wa Yankees wenyewe. Na kipindi hicho cha baridi Red Sox walikuwa wameshamalizana na mpigaji nyota Alex Rodriguez, chama cha wachezaji kikakataa apunguziwe mshahara kwenye mkataba, dili likafa, Februari Yankees wakamchukua. Julai 2004 akapigwa mpira na Bronson Arroyo, akaanza kufoka, mdakaji Jason Varitek akamsukuma glavu usoni, timu zote uwanjani, zikachapana. Mechi hiyo Boston walishinda 11-10 na wengi wanasema hapo ndo moto ulipowaka.

Oktoba wakakutana tena. Yankees wakaongoza mechi 3-0, wa kwanza kufika 4 ndo anapita, mechi ya tatu hapo hapo Fenway waliwapiga 19-8, watu wakaondoka mapema wanalia. Mpaka hapo katika historia ya ligi hii hakuna timu iliyokuwa imewahi kutoka 0-3 ikashinda. Mechi ya 4, inningi ya 9, Yankees wanaongoza 4-3, mrushaji ni Mariano Rivera, yaani umekwisha. Kevin Millar akapata beisi ya bure, Boston wakamtoa wakamuingiza Dave Roberts kwa kazi moja tu ya kuiba beisi, yaani kukimbilia beisi inayofuata kabla mpira haujapigwa, na uwanja mzima unajua, Rivera anajua, muuza soseji anajua. Rivera akarusha beisi ya kwanza kumrudisha, mara moja, mbili, tatu. Halafu akarusha kwa mpigaji, Roberts akachomoka. Jorge Posada kadaka katupa vizuri tu, Derek Jeter kamgusa, refa mikono pembeni, salama, kwa kiganja. Bill Mueller akapiga, Roberts akaingia, 4-4, na inningi ya 12 usiku wa manane umeshapita David Ortiz akapiga hom rani. Kesho yake Ortiz tena, inningi ya 14. Halafu mrushaji wao Curt Schilling kifundo cha mguu kimeshonwa, soksi ina damu, kashinda mechi ya 6, na ya 7 pale Bronx ikawa 10-3, Johnny Damon na hom rani mbili, moja ikiwa ya beisi zote kujaa. World Series wakawapiga St. Louis Cardinals 4-0. Mama anasema "mkimbio mmoja, futi 90, hiyo ndo ilikuwa laana yote". Shemeji kimya. Damon baada ya msimu mmoja zaidi akahamia Yankees akanyoa zile ndevu, shemeji akafufuka hapo.

Tangu hapo Boston wamebeba tena 2007, 2013 na 2018, na hiyo 2018 waliwapitia Yankees njiani, mechi moja Bronx 16-1. Yankees wamejibu, Oktoba 2025 raundi ya kwanza ya mchujo wakawatoa Red Sox, mechi ya mwisho dogo Cam Schlittler, mzaliwa wa Massachusetts jamani, mtoto wa nyumbani, akarusha inningi 8 bila kuruhusu pointi akawatoa wapigaji 12 kwa straiki, 4-0. Shemeji hiyo aliirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Sasa mechi, na ndo kilio changu. Kampuni iliahidi "viti vizuri vya kuona uwanja wote". Tukapewa grandstand, zile safu za chini ya paa, viti vya mbao vya bluu vya tangu miaka ya 1930, vyembamba, magoti yanagusa mgongo wa mwenzio, hayo ni sehemu ya uzee wa uwanja na mimi sina tatizo nayo, wenyewe hawajaficha. Tatizo ni nguzo. Lile paa limeshikiliwa na nguzo za chuma na mimi nilikaa nyuma ya moja, nikawa naona mpigaji au mrushaji, wote wawili kwa pamoja hapana. Viti vya hivyo vinajulikana, uwanja unaviuza kwa kuandika kabisa kwamba vina kizuizi, kwa bei ya chini. Maana yake kampuni ilijua, ikanunua rahisi, ikatuuzia bei ya viti vizuri. Nilivyomwambia muongozaji akanijibu "ni raha ya Fenway hiyo". Nikamuomba tubadilishane viti akasema chake kiko seksheni nyingine.

Na bado nilifurahi, ndo uone. Wapiga makelele wa Boston wana wimbo wa kuwatukana Yankees wanauanzisha hata kama hakuna kilichotokea, nyuma yetu kulikuwa na bibi na mjukuu wake wanauimba pamoja kwa mpangilio. Shemeji na jezi yake alichambwa kuanzia getini, mtu mmoja akamuuliza kwa upole kabisa kama amepotea anahitaji ramani, kwenye foleni ya hotdogi kijana wa kaunta akampa chake cha mwisho na pole juu. Inningi ya 8 katikati uwanja mzima unasimama unaimba wimbo mmoja, na shemeji nilimuona mdomo unacheza, akakataa, mimi nilimuona. Yankees walishinda siku hiyo. Kurudi New York basi zima lilikuwa lake.

Ukitaka kwenda fanya hivi, achana na vifurushi. Chukua treni au basi la kawaida mpaka Boston, ziara ya Fenway kata mwenyewe, shuka kituo cha Kenmore utembee na watu. Bronx nenda siku nyingine kama uko New York tayari, usilipe hela ya ziada kuunganisha. Tiketi ya Yankees nunua mapema, na ukiona grandstand bei nzuri soma maandishi madogo kama kuna neno la kizuizi, kisha tafuta picha ya hicho kiti kabla hujabonyeza kulipa. Bleachers, zile safu za wazi zisizo na paa, za upande wa kulia zinachomwa jua lakini hazina nguzo, na kile kiti chekundu kiko huko huko.

Kampuni nimewaandikia kudai tofauti ya bei ya tiketi. Wamejibu kwamba wananipa punguzo kwenye safari ijayo.